Deni Liandikwe, na Malipo Yaandikwe

Ndugu Waislamu, aya ndefu kupita zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu deni: liandikwe, muda utajwe, na mashahidi wawepo. Nasi huku Same twaandika siku ya kukopa, kisha kalamu twaitupa! Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba hupata fedha kwa msimu. Akilipa kidogo kidogo pasipo kuandika, hajui kilichobaki, na mdai naye husahau. Chukua daftari la shule, tia safu tatu: tarehe, kilicholipwa, kilichobaki. Deni la shilingi 300,000, ukilipa 40,000, andika 260,000, na mdai atie sahihi papo hapo. Ukifa, warithi watalisoma kabla ya kugawa mirathi.