Santuri hadi flashi: Nani anamlipa msanii wa Kitengela?

TAFUTA duka linalouza CD ya wimbo mmoja mjini Kitengela leo uone kama utalipata. Utapata kinyozi, utapata duka la M-Pesa kila kona, utapata fundi wa simu mwenye chaja na kava za kila rangi. Huyo fundi ukimwambia unataka ngoma mpya, atakuuliza kitu kimoja tu: umekuja na flashi ama memori kadi?

Tungali tunasema msanii "ametoa kibao". Lakini kibao chenyewe, kile cha kushika mkononi na kulipia, hakipo tena.

Babu zetu walinunua wimbo kama mtu anavyonunua sukari. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1949, ilibeba wimbo mmoja kila upande. Upande mmoja ulitosha dakika chache tu. Ndiyo maana nyimbo nyingi za benga na rumba za enzi hizo ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili. Watu wanacheza, sindano inafika mwisho, mtu anainuka kugeuza santuri, kisha gitaa linaendelea.

Biashara hiyo ilikuwa na makao yake hapo tu Nairobi. Studio ya Equator, chini ya Charles Worrod, ilitoa santuri za kina Fadhili William na Daudi Kabaka. Maduka ya River Road yaliuza benga kwa watu waliotoka kila pembe ya nchi. Miaka ya sabini, "Lunch Time" ya Gabriel Omolo iliuzika hadi ikatuzwa diski ya dhahabu. Hesabu ilikuwa rahisi: santuri moja ikitoka dukani, kuna pesa zimeingia mahali.

Kisha kaseti ikaja, na ikaja na shida zake. Mwenye redio ya kaseti mbili angeweza kunakili wimbo akiwa sebuleni kwake. CD ikafuata, na kuchoma CD kukawa kazi ya kulipa kodi ya nyumba mitaani. Bodi ya Hakimiliki Kenya (KECOBO) ikaleta stika za kutofautisha kazi halali na ile ya wizi. Lakini mnunuzi aliyeona CD mbili, moja bei nafuu na nyingine ghali, hakuangalia stika. Aliangalia mfuko.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini. Simu zikawa na nafasi ya nyimbo mamia, na bando zikaanza kushuka bei. "Lamba Lolo" ya Ethic ilipolipuka mwaka 2018 na kuwasha moto wa gengetone, vijana waliiona YouTube na kutumiana kwa WhatsApp. Spotify nayo ikafungua milango Kenya Februari 2021, ikakuta Boomplay na Mdundo tayari ziko kazini.

Tuseme ukweli, kijana wa Kitengela amepata kitu hapa. Zamani angehitaji mtu wa River Road amwamini kwanza ndipo agharimie santuri. Leo anarekodi chumbani kwa kompyuta na maikrofoni moja, na kabla ya jioni wimbo uko hewani kutoka Namanga hadi Dubai.

Alichopoteza ni pesa ya papo hapo. Mtu akijaziwa nyimbo kwenye memori kadi, anayelipwa ni fundi. Aliyeimba hajui hata kama ameuzwa. Huko YouTube na Boomplay malipo huja kwa vipande vidogo mno, na bila wasikilizaji wengi sana, hayatoshi hata nauli ya kwenda Nairobi na kurudi. Kwa anayeimba injili kwa Kimaasai, ambaye mashabiki wake wengi wako Kajiado, Isinya na Bissil, wingi huo haupatikani kirahisi. Huyo akiuza CD hamsini baada ya ibada, angalau anarudi nyumbani na kitu.

Amepoteza pia jina. Santuri ilikuwa na karatasi katikati, imeandikwa mwimbaji, mtunzi na kampuni. Wimbo wa flashi mara nyingi huandikwa "Track 01", basi. Panda nganya ya Rongai, dijei amechanganya ngoma ishirini bila kupumua, abiria wote wanaimba, na hakuna anayejua ni ya nani. Magari hayo yanafaa kulipia leseni ya kucheza muziki, lakini mirabaha humfikia msanii anayejulikana na aliyesajiliwa, si "Track 01".

Kwa hivyo, msanii, anza na jina. Sajili kazi yako KECOBO, jiunge na chama cha kukusanya mirabaha, na chaneli ya YouTube iwe kwa jina lako, si la rafiki aliyekufungulia. Weka wimbo kwenye miito ya simu kama Skiza pia. Sheria ya Hakimiliki ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, iliweka fungu la mwenye wimbo kuwa angalau asilimia 52 ya mapato ya miito hiyo.

Nawe shabiki, usidhani kupakua bure ni kumsapoti mtu. Ukimpenda msanii wa mtaa wenu, lipa kiingilio kwenye shoo yake, weka mwito wake, ama mtumie soo moja kwa M-Pesa. Hiyo mia yako huenda ikampa zaidi ya ukisikiliza ngoma yake mwaka mzima.