Ufundi wa Sauti na Filamu: Njia ya Kijana wa Makunduchi

Makunduchi, ulioko kusini mashariki mwa kisiwa cha Unguja, takribani kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe, ni miongoni mwa miji ya Zanzibar inayopigwa picha sana na wageni, hasa kwa ajili ya Mwaka Kogwa, sherehe ya kila Julai ya kuukaribisha mwaka wa Kishirazi. Hata Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Kizimkazi iliyo jirani na aliyekuwa Mbunge wa Makunduchi kati ya 2010 na 2015, alipoitangaza nchi kwa filamu ya The Royal Tour iliyozinduliwa Aprili 2022, filamu hiyo iliandaliwa na Peter Greenberg, mwandishi wa habari wa Marekani. Mgeni ana haki ya kusimulia alichokiona. Lakini nyimbo, mizaha na lugha ya Makunduchi vinamtaka pia fundi anayevielewa pale pale vinapotamkwa, na kwa sababu hiyo inafaa kuchunguza ni kwa njia zipi kijana wa huko anaweza kuifikia kazi ya filamu.

Filamu hupitia maandalizi, ambamo hadithi huandikwa na fedha hutafutwa. Kisha upigaji, ambamo mwongozaji, waigizaji, mpiga picha na fundi sauti hukutana mahali pamoja. Na mwishowe uhariri, yaani kuchagua, kukata na kuunganisha vipande vya picha na sauti mpaka hadithi ikamilike. Vijana wengi huvutiwa na kamera, jambo linaloeleweka, kwa kuwa simu zimekwisha kuwazoesha kupiga picha. Fundi sauti ni adimu zaidi, na upungufu huo ndio unaofanya sauti kuwa mlango mzuri zaidi kwa anayeanza. Mtazamaji huweza kuivumilia picha yenye giza, lakini mazungumzo yasiposikika huiacha filamu mara moja.

Ugumu wa kazi hiyo hudhihirika katika Mwaka Kogwa wenyewe. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huuzunguka uwanja kwa makundi huku wakiimba. Mambo hayo hutokea mara moja kwa mwaka wala hayarudiwi kwa ajili ya kamera. Zaidi ya hayo, Julai ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini, ambao hufika Makunduchi ukiwa bado na nguvu za baharini. Upepo ukiipiga maikrofoni iliyo wazi huzaa mngurumo unaofunika kila sauti nyingine, na mngurumo huo hauondoki kikamilifu katika uhariri, hata programu iwe ya kisasa namna gani. Kwa hiyo fundi huivika maikrofoni kifuniko chenye manyoya marefu yanayouvunja upepo kabla haujafika ndani, huchagua maikrofoni ndefu inayosikia zaidi upande inakoelekezwa, naye husogea karibu na waimbaji kuliko anavyosogea mpiga picha.

Ukaribu huo una sababu ya kisayansi. Sauti husafiri hewani takribani mita 340 kwa sekunde, hivyo maikrofoni iliyoachwa juu ya kamera, mita 34 kutoka kwa mwimbaji, huipokea sauti ikiwa imechelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika video ya picha 25 kwa sekunde, ucheleweshaji huo ni picha mbili na nusu, na jicho la mtazamaji huanza kuhisi kwamba midomo na maneno haviendi pamoja. Kipo pia kiwango cha kunasa, yaani nguvu ya sauti inayoruhusiwa kuingia katika kinasa sauti. Kikiwekwa juu mno, vifijo vya kibanda kinapowaka huvuka mpaka wa mashine na kukatika kwa mikwaruzo isiyotengenezeka, ndiyo maana mafundi makini huacha nafasi ya desibeli kadhaa chini ya mpaka huo na kusikiliza kwa hedifoni muda wote. Baada ya zogo kuisha hurekodi pia sauti tupu ya mahali, bila mtu kusema, ili mhariri apate kitu cha kujazia pengo kati ya maneno. Somo hilo wanafunzi wengi hulidharau mpaka siku wanapoketi kuhariri wenyewe.

Ufundi huu una historia ndefu Unguja kuliko inavyodhaniwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba, alipotaka sauti yake iingie katika santuri mwaka 1928 ilimbidi yeye na wanamuziki wenzake wavuke bahari hadi Bombay, kwa kuwa mitambo ilikuwa huko. Redio ya Sauti ya Unguja ilianza 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikazindua televisheni ya rangi, inayohesabiwa kuwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, wakati Tanzania Bara ilipata televisheni yake mwaka 1994. Redio na televisheni hizo zililea mafundi kwa kuwaweka vijana kando ya wazee wa mitambo, na mtindo huo wa uanagenzi ungali unafaa leo.

Kwa anayetaka cheti, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kilichoanza kufundisha 2001, kina mafunzo ya uandishi wa habari. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi (DCMA), kilichoanzishwa Mji Mkongwe 2002, hufundisha taarabu na ala zake, na fundi anayeijua tofauti ya udi na ganuni kwa sikio huwazidi wenzake anapochanganya sauti. Kuvuka bahari kwenda Bara humfikisha mwanafunzi kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyotokana na chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Gharama ndiyo kikwazo kikubwa, kwani kwa familia inayotegemea uvuvi na mwani, ada, chumba cha kupanga na kompyuta yenye uwezo wa kuhariri ni mzigo ambao bidii ya mwanafunzi peke yake haiwezi kuutua.

Matamasha ya Mji Mkongwe hupunguza sehemu ya pengo hilo. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar (ZIFF), lililofanyika kwa mara ya kwanza 1998, huwakutanisha watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki na wa nchi za mbali, na Sauti za Busara, lililoanza Februari 2004, hujulikana kwa muziki unaopigwa moja kwa moja jukwaani katika Ngome Kongwe. Kijana anayekubaliwa kukunja nyaya na kupanga maikrofoni katika majukwaa hayo hujifunza kwa siku chache mambo ambayo darasa haliwezi kuyaigiza, kwa sababu bendi hubadilishana haraka huku hadhira ikisubiri.

Kazi ya kwanza yenye malipo, hata hivyo, mara nyingi ni harusi. Hapa wasichana wana nafasi yao ya pekee: katika shughuli za wanawake, ambamo wanaume hawaingii, mpiga picha wa kike hutakiwa, na familia nyingi hutaka mhariri pia awe mwanamke. Kazi hiyo isidharauliwe, kwa kuwa humfundisha fundi kufuata tukio lisilomsubiri. Zipo pia hoteli za pwani ya mashariki zinazohitaji video fupi, na mara chache filamu kubwa. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuoneshwa Toronto 2021, ilipigwa Zanzibar, na miongoni mwa waigizaji wake ni Siti Amina, ambaye alijulikana kwanza kwa muziki.

Anayeingia katika kazi hii sharti ajue sheria. Kwa Zanzibar, filamu husimamiwa na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni (BASSFU), si na Bodi ya Filamu ya Tanzania Bara, na hakimiliki hulindwa kwa sheria ya mwaka 2003 inayosimamiwa na COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar. Jambo linalobaki gumu ni nyimbo za jumuiya, kama zile za Mwaka Kogwa, ambazo hazina mtunzi mmoja wa kumwomba ruhusa. Kwa rekodi za namna hiyo, na za wazee wanaozungumza Kikae, lahaja ya Makunduchi, kijana anapaswa kuomba idhini ya waimbaji na wazee kabla ya kurekodi, kuandika majina yao, tarehe na mahali, kisha kuhifadhi nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, kwa maana hewa ya chumvi ya pwani huharibu vifaa mapema, na nakala ya pili ingefaa ibaki Makunduchi kwenyewe.