Spana Njema kwa Bei Nafuu

Wahariri wa kitabu chetu wamenitaka niandike juu ya jambo ambalo watu wa nyumbani kwangu wamechoka kulisikia, nalo ni vyuma vya ufundi. Mke wangu husema kuwa wenziwe wana waume wanaokusanya madeni, yeye kajaliwa anayekusanya spana. Basi nimekubali, hasa kwa ajili ya vijana wetu wanaofika hapa Johannesburg na cheti cha ufundi mfukoni na mikono mitupu. Hao ndio wanaoliwa zaidi, nami nilikuwa mmoja wao.

Niliingia mji huu mwaka 1996. Wiki ya pili nilinunua seti mpya kabisa, vipande ishirini na vinne ndani ya sanduku la plastiki, vinang'aa kama vyombo vya arusi, kwa pesa niliyokopa kwa mjomba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Toyota Hilux ya Mzambia mmoja pale Yeoville. Spana ya 14 ilipanuka mdomo kwenye bolti ya kwanza ya breki, ikazila pembe zote, nikabaki nayo mkononi kama kijiko. Ilinibidi kuikata bolti kwa patasi na kununua nyingine kwa pesa yangu. Malipo ya kazi yakaishia hapo hapo, na deni la mjomba likabaki.

Usiku ule nilimkumbuka marehemu baba. Alikuwa fundi mitambo katika shamba la mkonge mkoani Tanga, akihudumia korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge na kutoa nyuzi. Spana zake zilikuwa King Dick, zilizotengenezwa Birmingham, Uingereza. Alizipata kabla ya mwaka 1967, serikali ilipoyataifisha mashamba mengi ya mkonge, na alikuwa nazo mpaka siku aliyostaafu. Hakuna hata moja iliyopanuka mdomo. Hapo nikaelewa kuwa kwa maskini, chuma kizuri kilichotumika ni bora kuliko kibaya kipya.

Na mji huu umejaa vyuma vizuri vilivyotumika. Johannesburg ilijengwa juu ya migodi, na kila mgodi ulikuwa na karakana, na kila karakana ilikuwa na mafundi. Migodi ikifungwa, kama ERPM ya Boksburg ilivyoacha kuchimba chini ya ardhi mwaka 2008, mafundi hurudi nyumbani, nao wakizeeka, masanduku yao huanza kutembea. Utayakuta katika maduka ya rehani ya Jules Street, utayakuta minadani upande wa mashariki, Germiston na Benoni, na pengine utayakuta katika banda nyuma ya nyumba ya mzee aliyefariki.

Jina utakalokutana nalo zaidi ni Gedore. Ni kifupisho cha ndugu wa ukoo wa Dowidat na mji wao wa Remscheid, Ujerumani, walioanza kazi mwaka 1919. Lakini Gedore nyingi za hapa zimetengenezwa nchi hii hii, kiwandani New Germany karibu na Durban, na mafundi wa migodini walizipenda. Ukiona Stahlwille au Hazet kwa bei ya Gedore, usiulize mara mbili. Bahco ya Sweden ni mashuhuri kwa ile spana ya kurekebisha mdomo, ambayo mafundi wa kwetu wameipa jina nisiloweza kuliandika katika kitabu cha familia.

Jina peke yake halitoshi, maana majina huigwa. Nendeni na nati mpya mfukoni, ya 13 na ya 17. Ivisheni spana ile nati. Ikicheza, mdomo umekwisha kupanuka, iacheni. Spana ya mviringo itazameni ndani, pembe ziwe kali. Racheti izungusheni polepole sikioni, mlio uwe sawasawa kama wa saa, halafu ikazeni kwa nguvu: ikiruka, meno yamekufa. Soketi chagueni za pembe sita, kwa sababu zile za pembe kumi na mbili hula nati yenye kutu. Kutu ya juu juu isiwatishe. Laza chuma ndani ya siki usiku kucha, kisugue, kioshe kwa maji yenye magadi, kikaushe, kipake mafuta. Inayotisha ni kromu inayobanduka, hiyo hukata vidole kama wembe. Na spana ya toki, ile ya kupimia nguvu ya kukaza, sinunui kabisa kwa mtu nisiyemjua. Ikiwa imewekwa miaka mingi bila kulegezwa springi hudanganya, na uwongo wake utaujua siku silinda hedi inapovuja.

Mnadani kuna hesabu ambayo vijana huisahau. Dalali akigonga nyundo kwa randi 2,000, hamtalipa 2,000. Kamisheni ya mnunuzi ikiwa asilimia 10 inakuwa 2,200, na juu yake kodi ya asilimia 15, iliyopandishwa kutoka 14 mwaka 2018. Jumla ni randi 2,530. Tena kila kitu huuzwa kwa neno la Kiafrikana, voetstoots, yaani kama kilivyo. Ukifika nyumbani ukakuta sanduku lina mawe, ni mawe yako.

Bei nzuri kuliko zote niliipata kwa mama mmoja mjane wa Boksburg, Mzungu, aliyeniuzia sanduku zima la mumewe kwa randi 600. Nililipa upesi, sikusema neno. Nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza, "Umemwambia thamani yake?" Nikajifanya kutafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alinisimamisha barabarani na mfuko wa spana. Zilikuwa Gedore tupu, kumi na sita, na koleo mbili za Knipex. Alitaka 400, akakubali 150. Waswahili wanasema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na hapa kizuri kilikuwa kinajitembeza chenyewe, nami sikujiuliza kwa nini. Nilipozisafisha niliona herufi mbili zimechorwa kwenye kila mpini. Nikajiambia ni za fundi wa zamani.

Mwezi wa pili alikuja gerejini kwangu ndugu mmoja kutoka Bukavu, fundi mzuri anayekaa Rosettenville, tunayezikana naye katika chama chetu cha msiba. Alikuwa anatafuta kazi ya kubeba mizigo. Nilishangaa. Akaniambia gari lake lilivunjwa, vyuma vyote vikaenda, na fundi asiye na vyuma ni mpita njia tu. Wakati anasema, macho yake yalikwenda ukutani. Akanyamaza. Kisha akauliza taratibu, "Yaya, hizi ulinunua wapi?"

Nilizitungua ukutani moja moja nikamkabidhi, naye akazihesabu mpaka kumi na sita. Alitoa noti ya 100 na ya 50 mfukoni, nadhani ndiyo pesa yote aliyokuwa nayo, nikakataa kuipokea. Miezi miwili ile watoto wake walikula kwa kukopa, huku mimi nikijisifu nyumbani kwa ununuzi wangu.

Tangu siku ile nanunua kwa mtu anayekaa mahali ninapopajua. Sheria ya mwaka 2009 ya bidhaa zilizotumika inawataka wenye maduka wajiandikishe polisi na waandike jina na kitambulisho cha kila anayewauzia. Ombeni risiti, hata ya spana moja. Na chuma chenye herufi za mtu, ulizeni kwanza ni za nani.

Mpwa wangu atakuja mwakani. Nimeshamwekea spana za 8 mpaka 19, racheti ya nusu inchi na soketi zake, bisibisi nne, nyundo, koleo na tupa. Mengine atayapata kazi ikimdai. Zote zimetumika, na zote pamoja hazikufika bei ya nusu ya seti mpya ya Kijerumani.

La mwisho ni ombi langu mwenyewe. Spana za baba nilizileta kutoka Tanga mwaka 1998, zikiwa zimefungwa ndani ya kanga ya mama. Ni za kipimo cha Whitworth, ambacho namba yake haipimi mdomo wa spana bali unene wa bolti, kwa hiyo haziingii kwenye gari lolote ninalotengeneza leo. Zimekaa kwenye droo ya juu, zimepakwa mafuta. Katika seti ile imepungua moja, ya 5/16, aliyomwazima mtu shambani na haikurudi. Kama kuna jamaa ana King Dick ya namna hiyo kwenye banda lake, huku au nyumbani, anitumie habari kupitia kwa katibu. Nitamwambia thamani yake kabla ya kutaja bei.