Umeng'olewa jino? Usiombe tramadoli kwanza

Wengi wanaong'olewa jino huuliza wakitoka kliniki: "Daktari, mbona hukunipa dawa kali?" Hujanyimwa kitu. Maumivu baada ya kung'olewa jino hutokana zaidi na uvimbe, na ibuprofeni hupunguza uvimbe huo. Ikimezwa pamoja na parasetamoli, huwatuliza wengi sawa na tramadoli au kodeini, mara nyingi hata zaidi.

Tramadoli na kodeini ni za jamii ya afyuni. Huleta usingizi na kufunga choo. Zikizidi, au zikichanganywa na pombe, zinaweza kukata pumzi. Mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe. Tembe zinazobaki kabatini ndizo kijana wa nyumbani anazoweza kuanza nazo uraibu, kwa hivyo zirudishe kwa mfamasia.

Mwambie daktari ukiwa na vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au ujauzito; huenda ibuprofeni isikufae. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi tembe 8 za miligramu 500 kwa saa 24. Maumivu yakianza kuongezeka siku ya tatu badala ya kupungua, usiende kemisti kutafuta dawa kali zaidi. Rudi kliniki kidonda kikaguliwe.