Kile kidude cha kidole kimejuaje damu yako?

Si unajua kile kidude nesi hukubana nacho kidoleni? Kinawaka nyekundu, kinaandika 97, anaenda zake. Hakuna sindano. Sasa kimejuaje kwamba asilimia 97 ya himoglobini yako imebeba oksijeni?

Ni mwanga tu. Upande mmoja kuna vitaa viwili, kimoja chekundu na kingine cha infraredi, ambacho jicho halioni. Upande wa pili unapima mwanga uliopenya. Damu yenye oksijeni hufyonza infraredi zaidi; iliyoishiwa hufyonza mwekundu. Na ngozi, nyama na mfupa je? Mjapani Takuo Aoyagi ndiye alifungua hilo fumbo miaka ya 1970: kila moyo ukidunda, damu ya ateri ndiyo hubadilika. Hesabu hiyo, kwingine achana nako. Jamaa alikuwa moto.

Mtu mzima mwenye afya husoma 95 hadi 100. Chini ya 90 ni noma, usingoje kesho.

Lakini hapa ndipo panatuhusu mimi na wewe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulionyesha kidude hiki kiliwakosea wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko wazungu: namba inapendeza, kumbe damuni oksijeni imepungua.

Kwa hivyo toa rangi ya kucha, pasha vidole moto kama ni baridi, tulia. Na kama pumzi zinakata na bado unaambiwa uko fiti, mwambie daktari unavyojisikia, kisha uulize kama damu ya ateri inaweza kupimwa.