Umeme Ukirudi: Kwa Nini Mtambo wa Redio Huwashwa kwa Hatua

Tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ilipata hitilafu na maeneo mengi ya nchi yakakosa umeme. Katika hali kama hiyo wengi wetu huwaza friji na simu. Fundi wa redio huwaza jambo jingine: umeme utarudi namna gani? Mtambo wa kurushia matangazo huharibika zaidi umeme unaporudi kuliko unapokatika.

Sababu iko kwenye kapasita. Umeme wa TANESCO majumbani ni wa volti 230, nao hugeuka mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mtambo unataka umeme wa upande mmoja, uliotulia. Kwa hiyo hupitishwa kwenye daiodi, kisha mabonde yake hujazwa na kapasita kubwa, ambazo ni kama matangi. Kapasita tupu hainywi taratibu. Kwa kitambo kidogo inafanana na nyaya mbili zilizogusanishwa. Kilele cha volti 230 ni kama 325. Ukinzani wa njia nzima ukiwa nusu omu tu, mkondo unaweza kuruka hadi ampea 650. Fyuzi inaungua, au, mbaya zaidi, daiodi zinapasuka na fyuzi inabaki nzima.

Dawa yake ni rahisi. Njiani huwekwa rezista, tuseme ya omu 47, na mkondo hauzidi ampea 7. Kapasita ya mikrofaradi 2,000 hujaa kwa nusu sekunde hivi, kisha rilei hufungua njia ya pembeni ili rezista isiungue.

Mitambo midogo hutumia kitu cha bei nafuu: themista, ambayo ukinzani wake hushuka ikipata joto. Haihitaji rilei. Lakini fikiria umeme wa masika, unaokatika na kurudi baada ya sekunde tatu. Kapasita zimekwisha kutumika, themista bado ya moto, ulinzi haupo. Kwa maoni yangu kituo cha mlimani kisitegemee themista peke yake. Kiwe na kifaa cha kusubiri dakika mbili tatu hadi umeme utulie. Mgonjwa anayefuata Rozari kitandani kupitia Radio Maria ataudhika na ukimya huo, na ana haki. Ila kipuri kikiungua, atasubiri wiki.

Kisha feni huwaka, na nguvu hupandishwa kidogo kidogo huku saketi ikipima kiasi kinachorudi kutoka kwenye antena. Kikizidi, mtambo unajishusha. Feni si jambo dogo huku kwetu: Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya asilimia 10. Ukipanda miteremko ya Meru inazidi kuwa nyepesi, na feni ileile huondoa joto pungufu.

Darasani tunamsoma Aristotle juu ya kilicho katika uwezo na kilicho katika tendo. Kapasita iliyojaa iko katika uwezo, na inaonekana mfu kabisa. Mtambo mzuri una rezista ya kuumwaga umeme huo baada ya kuzimwa, lakini rezista hukatika bila kutoa taarifa. Fundi mzoefu hupima kwa mita, humwaga kilichobaki kwa fimbo iliyounganishwa na ardhi, hupima tena, ndipo anaingiza mkono.