Mshipa, chuku na kisu

Neno mshipa tumelitwika kazi nyingi mno sisi watu wa pwani. Mtu akipata ngiri, ni mshipa. Akiumwa na kiuno, ni mshipa. Na maumivu yakimteremka kutoka kalio hadi kisigino, nayo ni mshipa vilevile, au atasema ni baridi. Waarabu waliyapa maumivu hayo ya mguu jina lake mbali, irku-nnasaa, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyataja katika Al-Qanun. Sisi tuna jina moja kwa maradhi mengi, na si ajabu tukachanganya la kukandwa na la kukimbizwa hospitali.

Haya niliyaona Nyayo Highrise, Nairobi, kwenye yale majumba ya ghorofa yanayopakana na Kibera. Nilikwenda kumjulia hali hamali mmoja wa kwetu, aliyekuwa kitandani juma la tatu. Aliinua gunia, akasikia kitu kimemkatika kiunoni, kisha moto ukamshuka mguu wa kushoto. Chumba kizima kilinuka habasoda. Bibi mmoja wa Kinubi, mkandaji hodari, alitaka amkande. Mwalimu wa chuo alishauri aumikwe kwa chuku, hijama kama vijana waitavyo siku hizi. Jirani wa tatu akatoa fatwa yake: dawa ni kisu, na aliyepasuliwa mgongo hasimami tena!

Walipotoka nilimwuliza jambo ambalo hakuna aliyemwuliza: mkojo watoka? Akageukia ukutani. Kumbe tangu alfajiri alikuwa hawezi kukojoa, na akiguswa baina ya mapaja hahisi kitu. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Aliona haya.

Hospitali ya Mbagathi iko jirani na ile Kuu ya Kenyatta haiko mbali, lakini miguu si yake. Vijana wanne walimshusha ngazi juu ya kiti. Alipasuliwa usiku ule ule. Mkojo ulirudi baada ya siku kadhaa. Unyayo wa kushoto ungali ukiburura kidogo, na magunia ameyaacha.

Nieleze kilichomsibu. Baina ya pingili na pingili ya uti wa mgongo pana mto mdogo, gamba lake gumu, ndani ute mzito. Gamba likipasuka, ute hutokeza ukaibana neva iendayo mguuni. Mara nyingi hutokea pingili za chini kabisa za kiuno. Jambo hili halikufahamika sawasawa hata kwa madaktari mpaka mwaka 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston walipoandika habari zake. Ute ukiwa mwingi, huyabana mafundo ya neva zote za chini, zile ambazo madaktari huziita mkia wa farasi. Hapo mkojo hufunga au hutoka wenyewe, haja kubwa vivyo hivyo, na sehemu za siri hufa ganzi. Dalili hizo huhesabiwa kwa saa. Kuchelewa siku mbili tatu kwaweza kumwacha mtu na ulemavu wa maisha. Kumwambia daktari, na kuvuliwa nguo mbele yake, ni dharura, na sharia yetu yaijua dharura.

Wengi, alhamdulillahi, hawafiki huko. Ute uliotokeza mara nyingi hunywea wenyewe, na maumivu hupungua katika majuma sita hadi kumi na mawili. Kulala kutwa kucha hakusaidii. Siku moja mbili zatosha, kisha mtu atembee kidogo kidogo. Zipo dawa za maumivu, ambazo nyingine huunguza tumbo na kuchosha figo, basi zisinunuliwe kama peremende. Yapo mazoezi ya viungo, na hayo ndiyo ningeyatanguliza. Ipo sindano ya kupunguza uvimbe karibu na neva, ambayo nafuu yake ni ya muda.

Na kisu? Yule jirani alisema ovyo. Uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha wagonjwa waliopasuliwa mapema na waliongojea wakitibiwa. Waliopasuliwa walipona upesi zaidi, lakini mwaka ulipotimia makundi mawili yalikuwa karibu sawa. Kwa hiyo asiye na dalili za hatari ana nafasi ya kuchagua. Mguu ukizidi kulegea, asingoje.

Kukanda hulegeza misuli iliyokaza, na raha yake naijua, ila mikono hairudishi ute mahali pake, na mgonjwa asikubali kukanyagwa mgongo. Chuku nayo siikatai, maadamu wembe ni mpya na vyombo ni safi. Wengi huuliza habari ya sala: asiyeweza kusimama husali ameketi, na asiyeweza kuketi husali kwa ubavu.

Yule mwalimu wa chuo hamwumiki mtu kiuno siku hizi kabla ya kumvuta kando na kumwuliza habari za mkojo wake.